MALTA: KITABU CHA UDONGO KISOMWACHO MARA MOJA

Kila mwaka, tarehe 10 Februari, njia za mji wa Valletta hujaa watu. Sanamu ya Mtume Paulo hutolewa kanisani, ikachukuliwa mabegani mwa wanaume, nao watu huifuata kwa furaha. Siku hiyo Wakristo wa kisiwa cha Malta wanakumbuka jinsi merikebu ya Mtume ilivyovunjika ufukoni kwao. Mwanafunzi aliyejifunza Matendo ya Mitume anaijua habari hiyo. Watu 276 waliokuwamo merikebuni waliokoka wote. Wenyeji wakawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Nyoka akamwuma Paulo mkononi, naye asipate dhara. Kisha Publio, mkubwa wa kisiwa, akawakaribisha kwake siku tatu. Mambo hayo yalitokea karibu na mwaka wa 60.

Je, watu wale waliowasha moto walikuwa wa kwanza kukaa kisiwani? Sivyo hata kidogo. Siku ile Paulo alipopanda pwani, nguo zimeloa maji, katika ardhi ya Malta yalikuwako mahekalu ya mawe ambayo hata wakati ule yalikwisha kuwa na umri wa miaka zaidi ya 2,500, na mengine zaidi ya 3,600. Waliyoyajenga hawakujua kuandika. Hawakutuachia jina la mfalme, wala sala, wala wimbo. Yote tunayoyajua juu yao yametoka udongoni.

Katika makala haya nataka kuwaelezea jinsi habari hizo zilivyofunuliwa, na vilevile jinsi nyingine zilivyopotea kwa haraka ya watu, zisiweze kurudi tena. Maana udongo ni kitabu cha namna ya peke yake: kila ukurasa ukiisha kusomwa umekwisha kuharibika. Asiyeandika alichokisoma, hakuna mwingine atakayeweza kukisoma baada yake.

Kisiwa chenyewe

Malta iko katikati ya bahari ya Mediteranea, yapata kilometa 90 kusini ya Sicilia. Ni nchi ndogo sana. Kisiwa kikubwa kina kilometa za mraba 246, na ndugu yake, Gozo, kina 67 tu. Hakuna mto uendeao mwaka mzima, wala mwitu mkubwa. Kila mahali ni mawe ya chokaa, mengine magumu, mengine laini yakatikayo kwa urahisi. Tangu zamani watu wamechimba matangi katika mwamba wapate kuhifadhi maji ya mvua. Msomaji ayaweke matangi hayo moyoni, kwa sababu tutayakuta tena.

Lugha ya watu wa Malta ni jamaa ya Kiarabu, ingawa huandikwa kwa herufi kama zetu. Kwa hiyo sisi tusemao Kiswahili, lugha iliyopokea maneno mengi ya Kiarabu, tungeweza kuyatambua baadhi ya maneno yao. Bahari wao huita "baħar", kitabu ni "ktieb", dunia ni "dinja". Wakihesabu, sita ni "sitta", saba ni "sebgħa", na tisa ni "disgħa".

Viboko wa pangoni

Tuanze na pango liitwalo Għar Dalam, kusini ya kisiwa. Mtaalamu Arturo Issel wa Italia alianza kuchimba humo mwaka wa 1865, na wengine wakaendelea baada yake. Walichokiona kiliwashangaza. Udongo wa pangoni ulikuwa umelala kwa matabaka, moja juu ya lingine, kama blanketi zilizokunjwa sandukuni. Katika tabaka moja la chini ilijaa mifupa ya viboko na tembo. Juu yake, baada ya tabaka la kokoto, ilionekana mifupa ya kulungu wengi. Mwisho kabisa, karibu na uso wa pango, ndipo vilipotokea vigae vya vyungu na alama za watu.

Viboko katika kisiwa kisicho na mto! Sisi tunaowajua viboko katika maziwa na mito yetu tunastaajabu. Lakini sababu yake imeeleweka. Zamani za baridi kuu ya ulimwengu, maji mengi yaliganda kuwa barafu, bahari ikashuka, na Malta ikaungana na Sicilia. Wanyama wakapita. Bahari ilipopanda tena, wakafungiwa kisiwani. Na kwa kuwa chakula kilikuwa kidogo, kizazi baada ya kizazi wanyama wakubwa walipungua kimo, hata tembo wengine wakawa wafupi kuliko mtu.

Hapa ndipo tujifunzapo sheria ya kwanza ya wachimbaji: kilicho chini ni cha kale kuliko kilicho juu, isipokuwa kama mtu au mnyama amevuruga udongo. Mchimbaji akichanganya matabaka hayo katika chungu moja ya kifusi, kiboko na chungu cha mpishi huonekana kama vya siku moja. Ndivyo uongo unavyozaliwa bila mtu kukusudia kusema uongo.

Watu wa kwanza

Kwa miaka mingi wataalamu walifundisha kwamba watu wa kwanza wa Malta walikuwa wakulima waliovuka kutoka Sicilia zaidi ya miaka 7,000 iliyopita, pamoja na mbuzi, kondoo, ng'ombe na mbegu zao. Lakini mwaka wa 2025 ilitangazwa habari mpya. Katika pango liitwalo Latnija, upande wa kaskazini, wachimbaji wakiongozwa na Profesa Eleanor Scerri waliona majivu ya meko, zana za mawe, na mifupa ya wanyama walioliwa, vyote vya miaka 8,500 iliyopita. Watu hao hawakulima. Waliwinda kulungu, wakavua samaki na kukusanya konokono wa baharini. Nao walifika kwa mitumbwi isiyo na tanga, wakisafiri yapata kilometa 100 za bahari, hata usiku ukawakuta njiani wakiangalia nyota.

Basi tazameni: kwa kupima majivu machache tu, historia ya kisiwa imerudishwa nyuma miaka elfu moja. Kama mtu angalikuwa ameingia Latnija zamani na jembe, akatupa udongo ule nje apate mahali pa kulaza mbuzi, habari hiyo isingejulikana milele.

Hekalu la majitu

Wakulima wale waliofuata baadaye, yapata mwaka wa 3600 mbele ya kuzaliwa kwake Yezu Kristu, walianza kujenga mahekalu ya mawe makubwa mno. Lililo maarufu katika Gozo huitwa Ġgantija, maana yake ni mahali pa majitu. Kuta zake zimesimama hata leo zaidi ya meta 6 kwenda juu. Mawe mengine yana urefu wa meta 5 na zaidi, na uzito wake hupita tani 50. Watu wale hawakuwa na chuma, wala shaba, wala gurudumu tunalolijua. Wachimbaji wameona chini ya mawe makubwa ya mahekalu mipira ya mawe; wanafikiri kwamba ilitumika kuyaviringisha hata mahali pake.

Wazee wa Gozo walikuwa na hadithi yao. Walisema kwamba mwanamke jitu, aliyekula maharage, aliyabeba mawe yale kichwani huku mtoto wake akiwa begani, akajenga usiku na mchana. Tusiwacheke. Aonaye jiwe la tani 50 juu ya kilima, naye hajui lilifikaje, hutafuta maelezo kwa akili aliyo nayo.

Mwaka wa 1827 mkubwa mmoja wa serikali ya Waingereza katika Gozo, jina lake John Otto Bayer, aliamuru Ġgantija isafishwe. Wafanyakazi wakaondoa udongo wote uliojaza vyumba. Katika muda mfupi kuta zikaonekana, wageni wakaja, wakasifu. Lakini hakuna aliyeandika ni kitu gani kilichokutwa, katika chumba gani, wala katika tabaka gani. Mifupa, vigae, majivu ya sadaka, vyote vilikwenda pamoja na kifusi. Bayer hakuwa mtu mbaya, naye alifanya kama wengi walivyofanya siku zile. Lakini leo tukiuliza ni lini hekalu lile liliachwa, au watu walitoa sadaka gani humo, kuta zimebaki na midomo imefungwa.

Padri na daftari zake

Sasa twende katika mtaa wa Paola, karibu na bandari kuu ya Malta. Mwaka wa 1902 wajenzi walikuwa wakijenga nyumba, wakichimba matangi ya maji chini yake. Ghafula mwamba ukatoboka, na chini yake wakaona chumba chenye giza. Wajenzi waliogopa kwamba kazi itasimamishwa. Basi wakanyamaza, wakamaliza nyumba kwanza, tena wakatupa kifusi ndani ya shimo lile. Habari zilipofika kwa wakubwa, nyumba zilikuwa zimekwisha.

Mahali hapo panaitwa Ħal Saflieni. Ni makaburi yaliyochongwa katika mwamba kwa zana za mawe na za pembe, vyumba juu ya vyumba, hata kina cha zaidi ya meta 10 chini ya njia. Mafundi wale walichonga milango, nguzo na dari kwa kuiga mahekalu yaliyokuwa juu ya nchi. Katika vyumba vingine wakapaka dari kwa udongo mwekundu, mapambo ya mizunguko mfano wa kombe la konokono. Humo ndimo ilimotoka sanamu ndogo ya udongo, urefu wake sentimeta 12 tu: mwanamke mnene amelala ubavu juu ya kitanda, mkono chini ya kichwa, kana kwamba amepumzika baada ya kazi ya siku. Leo iko katika nyumba ya vitu vya kale mjini Valletta.

Kazi ya kuchimba alipewa Padri Emmanuel Magri, wa Shirika la Yezu, aliyezaliwa Malta mwaka wa 1851. Alikuwa mtu wa elimu na mpenda watu wake. Alitembea vijijini akisikiliza hadithi za wazee, akaziandika kama walivyozisema, akazichapisha vitabuni. Mwaka wa 1903 akaanza kuondoa udongo na mifupa katika makaburi yale, naye aliandika daftarini mambo aliyoyaona. Lakini kabla ya kuyachapisha, alitumwa Sfax, katika nchi ya Tunisia, kufanya kazi ya upadri. Huko akafa mwaka wa 1907. Daftari zake zilitafutwa, hazikuonekana tena mpaka leo.

Wasomaji wapenzi, hapa nasikia uchungu kama mwalimu. Padri huyu hakufanya haraka kama Bayer, wala hakuficha kama wale wajenzi. Aliandika. Hata hivyo, maneno ya wazee aliyoyapeleka kwa mpiga chapa yanasomwa hata sasa, lakini mambo ya makaburi yaliyobaki katika daftari moja yamekufa pamoja naye. Walizikwa humo watu wapatao 7,000, kwa makadirio ya waliofuata baada yake. Jinsi sehemu kubwa ya watu hao walivyolazwa, na kile kilichowekwa karibu na kila mmoja wao, hatutajua.

Daktari na mkulima

Aliyemaliza kazi ya Ħal Saflieni ni Themistocles Zammit, naye ni mtu wa Malta, aliyezaliwa mwaka wa 1864. Kwa kazi yake alikuwa daktari. Siku zile homa mbaya ilikuwa ikiwatesa watu na askari, ikaitwa "homa ya Malta". Mwaka wa 1905 Zammit alionyesha kwamba asili yake ni mbuzi, ambao walionekana wazima kabisa, kumbe wamebeba wadudu wa ugonjwa, na maziwa yao yakiwaambukiza watu. Askari walipokatazwa maziwa yale mwaka wa 1906, homa ilipungua upesi kati yao.

Daktari huyu alichukua katika uchimbaji desturi ya kazi yake: kutazama kwa makini, kutoamini macho ya haraka, na kuandika kila siku. Mwaka wa 1910 alichapisha habari za makaburi, kadiri alivyoweza kuyasoma yaliyobaki.

Kisha mkulima mmoja wa Tarxien, Lorenzo Despott, akamwendea. Alisema kwamba kila alimapo shamba lake, jembe linagonga mawe makubwa chini ya udongo, nayo hayafanani na mawe ya kawaida. Angaliweza kuyavunja na kuyatumia ukutani, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye aliona afadhali kumwuliza mtu ajuaye. Kwa ajili ya swali hilo la mkulima, mwaka wa 1915 Zammit alianza kuchimba, na baada ya miaka michache yakatokea mahekalu ya Tarxien, yenye mapambo mazuri kuliko yote ya Malta. Mawe yamechongwa mizunguko, kondoo, mbuzi, nguruwe na ng'ombe. Sanamu moja kubwa imebaki nusu ya chini tu, sketi na miguu minene. Ingekuwa nzima, kimo chake kingekaribia meta 3. Katika altare moja Zammit aliona kiziba cha jiwe. Alipokitoa, ndani yake mlikuwa na kisu cha gumegume na pembe ya mbuzi. Basi ikajulikana kwamba mahali hapo wanyama walichinjwa kwa sadaka.

Lakini jambo kubwa kuliko sanamu lilikuwa tabaka. Juu kabisa Zammit aliona vyungu vya majivu ya maiti waliochomwa, pamoja na zana za shaba. Chini yake akakuta udongo laini karibu meta moja, usio na kitu chochote cha mtu. Na chini ya udongo huo, ndiyo sakafu ya mahekalu, wala hapakuwa na kipande kimoja cha shaba. Mtu mwenye pupa angaliondoa vyote pamoja apate kuiona sakafu. Zammit alipima, akaandika, akatoa hukumu: waliojenga mahekalu walikwisha kutoweka, pakapita muda mrefu, ndipo watu wengine wenye shaba wakafika na kuzika majivu ya wafu wao juu ya magofu. Ukurasa huo aliusoma sawasawa, na ushahidi wake umesimama mpaka leo.

Saa iliyo ndani ya makaa

Hata hivyo Zammit hakuweza kusema kwa hakika ni miaka mingapi. Wengi baada yake walifikiri kwamba watu wa Malta walijifunza ujenzi na mapambo yao kwa mataifa ya mashariki, kwa kuwa mizunguko kama ile inaonekana pia katika nchi ya Wagiriki. Kisiwa kidogo, walisema, kingewezaje kuanza chenyewe?

Jibu lilitoka katika elimu ya kemia. Mwaka wa 1949 Profesa Willard Libby wa Marekani na wenzake walitangaza njia ya kupima umri wa vitu vilivyokuwa na uhai. Kila mti, kila mnyama, kila mtu, maadamu yu hai, hupokea kaboni ya namna fulani itokayo hewani. Akiisha kufa, hapokei tena, na ile aliyo nayo huanza kupungua polepole kwa kadiri isiyobadilika: baada ya miaka yapata 5,730 hubaki nusu yake. Basi kipande cha makaa au mfupa ni kama saa iliyoanza kuhesabu siku ya kifo.

Kati ya mwaka wa 1961 na 1963, David Trump alichimba Skorba, mahali ambapo kijiji kilikuwako kabla ya hekalu, akakusanya makaa tabaka kwa tabaka. Baadaye wataalamu waliisahihisha saa hiyo kwa kuilinganisha na miti ya kale sana, ambayo miaka yake huhesabika kwa pete zilizo ndani ya shina. Ndipo mambo yote yakageuka. Mahekalu ya kwanza ya Malta yalijengwa yapata miaka 1,000 kabla ya piramidi kubwa ya Misri. Hakuna taifa la mashariki lililoweza kuwafundisha watu wa Malta kazi ambayo lenyewe lilikuwa bado halijaianza. Watu wachache, katika nchi ya mawe isiyo na mto, walibuni wenyewe.

Angalieni kwamba saa hiyo haifai kitu kama mtu hajui makaa yametoka wapi. Makaa ya kifusi cha Bayer, hata tukiyapata leo, yangetuambia umri wa kuni tu, wala yasingetuambia umri wa hekalu.

Picha iliyookoa makaburi

Karibu na Ġgantija, Bayer alichimba pia mahali pengine, duara la mawe makubwa lililozunguka shimo refu. Baadaye shimo likafukiwa, mawe yakavunjwa, shamba likalimwa, na baada ya miaka 100 hakuna aliyejua tena lilikuwa wapi. Lakini wakati wa uchimbaji ule mchoraji mmoja, Charles de Brocktorff, alikuwa amechora picha za rangi: shimo, mapango, wafanyakazi, na mifupa chini. Katika miaka ya 1960 mtu wa Gozo alizichunguza picha hizo pamoja na kuta za mashamba, akalitambua lile duara.

Wachimbaji wa Malta na Uingereza wakafanya kazi huko tangu 1987 hata 1994. Safari hii hawakutumia sururu za haraka. Walitumia vijiko, brashi na chekecheke. Kila mfupa ukapewa namba, ukachorwa mahali pake. Walikusanya vipande vya mifupa yapata 220,000, vya watu wapatao 800, wanaume, wanawake na watoto wadogo. Mwaka wa 2022, kwa kupima alama za nasaba zilizofichika ndani ya mifupa hiyo, wataalamu walionyesha kwamba watu wa kisiwa walikuwa wachache kwa hesabu, hata mmoja wao wazazi wake walikuwa jamaa wa karibu. Kazi hiyo haikuwezekana mwaka wa 1987. Hapana aliyeijua wakati huo. Iliwezekana baadaye kwa sababu mifupa ilihifadhiwa, na kila mmoja ulikuwa na namba yake daftarini.

Nyumba ya Publio

Msomaji Mkristo atauliza: Na Mtume Paulo? Je, hawakuona alama zake?

Wachimbaji wa Italia walitafuta, tangu 1963 hata 1968, mahali paitwapo San Pawl Milqi, maana yake Mtakatifu Paulo amekaribishwa. Watu wa Malta husimulia kwamba nyumba ya Publio ilikuwa hapo. Chini ya kanisa dogo na pande zote zake wakakuta shamba la siku za Warumi, lenye mitambo ya kukamulia mafuta ya zeituni na matangi ya maji. Lakini ishara ya hakika ya Wakristo wa siku za Mitume haikupatikana. Huko Rabat yako makaburi ya chini ya ardhi yaitwayo kwa jina la Mtakatifu Paulo, na ndani yake meza za duara zilizochongwa mwambani, ambapo jamaa walikula pamoja wakiwakumbuka marehemu wao. Nayo ni ya karne zilizofuata baadaye.

Je, tuhuzunike? Hapana. Imani yetu haikujengwa juu ya jiwe la kukamulia mafuta. Wale wachimbaji walifanya vema kusema waliyoyaona na kutosema wasiyoyaona. Anayelazimisha jiwe liseme neno zuri hamheshimu Mtume, kwa kuwa ukweli hauhitaji msaada wa uongo.

Kulinda ni kazi pia

Kitu kilichokaa udongoni miaka 5,000 kikifunuliwa huanza kufa upya. Mvua na jua hula mawe laini ya Tarxien na Mnajdra. Pumzi na jasho la wageni, pamoja na mwanga wa taa, viliharibu rangi nyekundu ya Ħal Saflieni, hata makaburi yakafungwa miaka mingi, yakafunguliwa tena mwaka wa 2000. Sasa huingia watu 10 tu kwa saa. Mwaka wa 2001, usiku wa Aprili, watu waovu waliangusha mawe yapatayo 60 ya hekalu la Mnajdra. Wananchi walikasirika, mafundi wakayarudisha mawe, na mwaka wa 2009 paa kubwa mfano wa hema ziliwekwa juu ya Mnajdra na jirani yake Ħaġar Qim.

Ninyi wanafunzi, msidhani kwamba mambo haya ni ya Malta peke yake. Katika nchi yetu ya Kongo, mwaka wa 1957 na 1958, makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yalichimbwa kwa njia hiyohiyo, kaburi kwa kaburi, habari zake zikachapishwa. Kwa hiyo vyungu na misalaba ya shaba iliyokutwa humo inaweza kutusimulia habari za wahenga wetu. Siku moja huenda mkichimba udongo wa matofali, au msingi wa nyumba, jembe likagonga chungu ambacho hakufinyanga bibi wala mama wa bibi. Msikivunje kutafuta mali ndani yake, wala msikipeleke sokoni. Kiacheni mahali pake, kumbukeni kina chake, mkamwite mwalimu au mkubwa wa mahali.

Wajenzi wa Paola waliona shimo wakanyamaza, wapate kumaliza nyumba. Mkulima wa Tarxien aligonga jiwe akaenda kuuliza. Wote hawakuwa wataalamu. Lakini kwa kunyamaza kwa wale, maelfu ya wafu wamepoteza habari zao. Na kwa swali la huyu mmoja, ulimwengu umepata kuwajua watu ambao hawakuandika hata neno moja.